Pikipiki isiyoinuka kwa mtu mmoja

Simama sheli yoyote kati ya Chalinze na Tunduma ukiwa juu ya pikipiki kubwa ya safari, maswali ni yale yale na yanakuja kwa mpangilio ule ule. La kwanza: "Inamaliza ngapi?" Anayeuliza ameshainama kuchungulia dashibodi, anatafuta namba ya mwisho kwenye spidimita na haioni, kwa sababu siku hizi ni skrini tupu mpaka uwashe. La pili: "Inakula mafuta hii?" La tatu linakuja baada ya kimya kidogo cha heshima: "Samahani kaka, hizi bei gani?"

La kwanza halina faida kulijibu. Ndiyo, inavuka 200 kwa saa. Lakini njia nzima kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni vijiji vilivyofuatana, kila kijiji na kibao chake cha 50, na hatua chache baada ya kibao, chini ya kivuli, yupo trafiki na tochi yake. Mwenye Boxer na mwenye BMW wanapita pale kwa mwendo mmoja. Tena mwenye Boxer huenda asitazamwe kabisa.

La mafuta jibu lake linawashangaza. BMW R 1250 GS ya kawaida kama yangu ina tangi la lita 20, na ukienda kistaarabu inakula kama lita tano kwa kilomita 100. Hizo ni kilomita 400 mpaka ikauke. Bajaj Boxer 150 ya kijana anayeuliza ina tangi la lita 11, na tangi hilo likijaa anafika mbali kuliko mimi. Ukimwambia hivyo anacheka, anageuka kuitazama yake iliyoegeshwa kivulini kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Kuhusu bei, toleo jipya la R 1300 GS lilipozinduliwa mwaka 2023 lilitangazwa Marekani kwa dola 18,895, bila masanduku wala mapambo. Ongeza nauli ya meli, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya hapo, bima, kisha mwisho wa yote unafunga kibao chenye herufi MC sawasawa na cha bodaboda. Wanaonunua mpya ni wachache. Wengi wetu tunachukua iliyokwishatumika, ama kwa mgeni anayemaliza mkataba wake na kurudi kwao, ama kwa kuagiza. Na sijawahi kukutana na mwenye pikipiki kubwa aliyemtajia mkewe bei kamili.

Ila lipo swali la nne, na hilo haliulizwi na kila mtu. Huulizwa na dereva bodaboda mkongwe, mtu wa kazi, ambaye amekaa pembeni muda wote akiizungukia kwa macho. "Sasa hii ikilala, unaiinuaje?"

Hapo ameuliza la maana. R 1250 GS ikiwa na mafuta kamili ina kilo 249. Ndugu yake anayeitwa Adventure, mwenye tangi la lita 30, ana kilo 268. Weka masanduku mawili ya alumini, hema, zana, maji, na mtu mzima juu yake, unakaribia kilo 400 zinazosimama kwa matairi mawili. Kiti kiko sentimita 85 kutoka ardhini, na kwa wengi wetu hiyo maana yake ni kugusa chini kwa ncha za vidole vya miguu. Ikiwa inatembea, uzito wote huo unayeyuka, unaweza kuipitisha katikati ya daladala za Mbezi bila wasiwasi. Ikisimama kwenye mteremko mdogo wa kokoto, na mguu ukakosa pa kukanyaga, hakuna nguvu za mwanadamu zitakazoizuia. Ikishavuka pembe fulani inaenda zake, na wewe unabaki kuisindikiza.

Haikuzaliwa nzito hivyo, na ilizaliwa kwa sababu ya mchanga wa Afrika. Mwaka 1977 Mfaransa Thierry Sabine alipotea jangwani na pikipiki yake kwenye mashindano ya Abidjan–Nice. Aliponusurika akarudi nyumbani na wazo la kuwapeleka wenzake kule kule alikopotea yeye. Tarehe 26 Desemba 1978 msafara wa kwanza wa Paris–Dakar ukang'oa nanga. Aliyeshinda upande wa pikipiki, Cyril Neveu, aliendesha Yamaha XT500, chuma cha silinda moja kisicho na mbwembwe. Mwaka 1980 BMW wakaleta R 80 G/S, silinda mbili zilizotokeza ubavuni, farasi 50, kilo 186. Hubert Auriol akashinda nayo Dakar mwaka 1981, akarudia 1983. Kisha Mbelgiji Gaston Rahier, mtu mfupi ambaye ukimwona karibu na pikipiki yake ungedhani ameazima ya kaka yake, akashinda 1984 na 1985. Honda nao wakaja, wakashinda miaka minne mfululizo kuanzia 1986, na mwaka 1988 wakaanza kuuza pikipiki waliyoiita Africa Twin. Yamaha walikuwa wameshachukua jina la jangwa la Niger, Ténéré.

Tangu hapo pikipiki hizi zinauzwa kwa picha moja: mtu peke yake, vumbi nyuma yake, upeo mbele yake, hakuna nyumba wala mtu mwingine. Picha hiyo ndiyo imenenepesha mashine. Mteja aliyeko Munich au Chicago anataka kuwa tayari kuvuka bara lote wakati wowote, kwa hiyo akaongezewa tangi, kioo cha upepo, taa, masanduku, kompyuta na vishikio vyenye joto. Mashindano yenyewe yalienda njia nyingine. Dakar ilihama Afrika baada ya kufutwa mwaka 2008 kwa sababu za usalama, ikaenda Amerika Kusini, na tangu 2020 iko Saudi Arabia. Tangu 2011 pikipiki za ushindani humo zimewekewa kikomo cha cc 450. Mashindano yaliyozizaa hizi kubwa yameshazikataza, ila matangazo hayajapata taarifa.

Waliotufanya wengi tuzitamani ni waigizaji wawili wa Uingereza, Ewan McGregor na Charley Boorman. Mwaka 2004 waliendesha kutoka London hadi New York kupitia Siberia, na mwaka 2007 wakateremka kutoka Scotland hadi Cape Agulhas, Afrika Kusini, wakapita Kenya na Tanzania. Vipindi vyao vya televisheni vimeuza BMW nyingi kuliko tangazo lolote. Mimi huwa nakumbuka kipande cha Mongolia. Pikipiki ya mpiga picha wao, Claudio von Planta, fremu ilivunjika. Wakaipandisha kwenye lori, wakamnunulia pikipiki ya Kirusi iliyokuwa ikipatikana pale pale, Izh Planeta, nyekundu, rahisi, ya bei ya chini. Akaendelea nayo, huku wenzake wakihangaika na zao kwenye tope. Na hao ni watu waliokuwa na magari ya msaada.

Namna ya kuinua ipo na inafundishwa. Zima injini kwanza. Ikiwa imelalia kulia, fungua stendi ya pembeni kabla hujaigusa, usije ukaiinua halafu ikapitiliza upande wa pili. Ingiza gia ili isitembee. Geuza usukani mpaka mwisho, ipe mgongo, chuchumaa, makalio yaguse kiti, mkono mmoja kwenye kishikio cha chini na mwingine kwenye keria. Kisha sukuma kwa mapaja, mgongo ukiwa umenyooka, ukirudi kinyumenyume hatua moja moja. Kwenye lami kavu mtu wa kawaida anaweza. Kwenye mchanga visigino vinazama kabla ya mashine kupanda. Kwenye udongo mweusi wa masika, kaa chini usubiri watu.

Na watu huja. Barabara ya vumbi itokayo Iringa kwenda Tungamalenga, kuelekea lango la Hifadhi ya Ruaha, ina mabonde madogo ambayo mvua huyajaza mchanga. Mwenzangu, mhandisi wa maji, mtu makini kuliko mimi, aliingia kwenye mojawapo, tairi la mbele likachagua njia yake, na ile kubwa ikalala polepole huku yeye amesimama kando akiwa mzima. Tulikuwa wawili, tukajaribu, tukashindwa. Haikupita muda wakatokea vijana wawili juu ya pikipiki moja, na kati yao magunia ya mkaa yamepangwa kwenda juu.

"Shikamooni. Poleni sana. Mzee umeumia?"

"Marahaba. Hapana, niko salama."

Waliteremka, wakaizunguka. Mmoja akagusa kichwa cha silinda kilichotokeza, akaondoa kidole haraka. "Hii siyo pikipiki, hii ni gari limepasuliwa katikati." Wakashika wawili nyuma, mmoja keria, mmoja usukani, moja, mbili, tatu, ikasimama. Tukafuta mchanga. Yule mdogo alikuwa na swali lililokuwa likimsumbua.

"Inabeba gunia ngapi?"

"Haibebi gunia."

"Sasa inabeba nini?"

"Mimi na nguo zangu."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Tukawapa ya soda, wakapokea kwa mikono miwili, wakawasha chombo chao, wakaupita mchanga ule ule miguu ikiparaza chini, mkaa ukiyumba juu lakini hauanguki. Sisi tulikuwa bado tunavaa glovu.

Safari ile haikuwa hata na haki ya kufika mwisho kwa pikipiki, kwani ndani ya hifadhi zetu haziruhusiwi. Unaiacha kijijini, unakodi gari. Ile iliyouzwa kwa picha ya tembo na machweo ya jua inalala uani kwa mama mwenye nyumba ya wageni, imefunikwa turubai, kuku wakichunguza tairi.

Kuanguka ni sehemu ndogo ya kuhitaji watu. Tairi ndiyo kubwa. Boxer inavaa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, na tairi hizo zinaning'inia kwenye duka la spea la kila senta ya nchi hii, pamoja na tyubu, cheni na klachi zake. R 1250 GS nyuma inavaa 170/60 ya rimu 17, mbele 120/70 ya rimu 19. Nenda kaulize Ilula, Makambako au hata Mbeya mjini, fundi atakutazama kwa huruma. Pancha ya kawaida siyo tatizo, maana tairi hizi za rimu za kisasa hazina tyubu, na fundi pancha yeyote anayeziba gari dogo ana ile kamba yake na sindano, anamaliza kabla chai haijapoa. Ila tairi likichanika ubavuni, safari yako imeingia mikononi mwa watu usiowaona. Unaandika kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja Arusha anajua mtu Nairobi. Mwingine anayo iliyotumika nusu stoo kwake Tegeta. Jioni inapelekwa stendi, inaandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu ya maka, inalipiwa kama mzigo, inapanda basi la usiku. Asubuhi unaipokea kwa kondakta, umeshalala nyumba ya wageni usiyoipanga na umeshafahamiana na nusu ya mtaa.

Umeme nao una mambo yake. Taa ya njano ikiwaka kwenye skrini, fundi wa kawaida, hata awe hodari namna gani wa kusikiliza injini kwa bisibisi iliyowekwa sikioni, hawezi kujua inalalamikia nini. Unahitaji kifaa cha kuisoma. Kwa BMW wengi wanatumia GS-911, kazi ya kampuni ya Afrika Kusini, na kwa kawaida mji mzima kinakuwa kimoja, kwa mtu mmoja, ambaye kwa sababu hiyo hakosi mwaliko wa nyama choma. Nimeshuhudia watu wasiosalimiana kwa sababu ya biashara wakiketi meza moja kwa ajili ya kifaa hicho.

Ndiyo maana hainiingii akilini mtu anaponiambia amenunua pikipiki ya namna hii ili awe huru na asitegemee mtu. Angenunua Boxer. Au angemwiga Noraly Schoenmaker, yule Mholanzi wa Itchy Boots ambaye dunia inamfuata mtandaoni. Yeye husafiri peke yake kwelikweli, na alipokuja Afrika hakuja na kilo 250, alikuja na Honda ya cc 300. Alipotoka India kwenda kwao Uholanzi alitumia Royal Enfield Himalayan ya cc 411. Mtu anayejua kwamba hakuna wa kumsaidia huchagua kitu anachoweza kukiinua. Kwa barabara zetu za vumbi, kama ukiniuliza ununue nini, nitakuambia usivuke cc 450, na sitabadili maneno.

Basi kwa nini yangu bado iko uani? Kwa sababu ya lami, na kwa sababu ya umri. Wenye hizi mashine, ukituvua kofia ngumu, wengi tuna mvi. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, na anayekwenda na pikipiki ndogo anafika akiwa mgonjwa wa kiuno. Kubwa inakufikisha unaweza kula, kuoga na kuzungumza na watu.

Ukishatoka kwenye foleni ya Kibaha, ukapita Chalinze, Morogoro ukaiacha na milima ya Uluguru kushoto, barabara inafunguka. Ndani ya Mikumi unaruhusiwa kupita kwa kuwa ni barabara kuu, ila kwa mwendo wa adabu. Kumgonga mnyama kuna faini, na kwa mwenye pikipiki faini huwa ndiyo hasara ndogo. Hapo unanusa kabla hujaona, majani makavu, kinyesi cha nyati, mara baridi ya ghafla unapopita bonde lenye maji. Aliye ndani ya gari lenye kiyoyozi hayapati hayo. Baada ya hapo ni Bonde la Mibuyu, na joto. Jaketi lenye kinga za mabega na viwiko, suruali nzito, buti mpaka ugokoni, na upepo unaokuja usoni ni wa moto. Kuvua ni ujinga, kuvaa ni adhabu, unavaa. Ruaha Mbuyuni wanauza vitunguu kando ya barabara, na kila safari naahidi kununua, kisha nakumbuka sanduku limejaa.

Kisha Kitonga. Barabara inaupanda mlima kwa kona zinazojikunja moja juu ya nyingine, mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine. Malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia ya mwisho kwa uzito, moshi mweusi, yale yanayoshuka yananuka breki. Dereva wa gari dogo anaweza kukaa nyuma ya lori moja mpaka juu. Hapa ndipo farasi 136 zinapolipa ushuru wake wote. Unakaa mbali kidogo na tela ili uone mbele, unangoja kipande kilichonyooka, unafungua mkono kidogo tu, lori limeshabaki nyuma na umerudi upande wako kabla utingo hajamaliza kukupungia. Na kona inayofuata, lori linaposhuka limechukua upande wako, breki zenye ABS zinakuzuia bila tairi kujifunga. Mtu akitaka nimtajie sababu moja ya kulipia chuma hiki, ni hizo breki pale Kitonga.

Juu ya mlima hali ya hewa inabadilika. Iringa unafunga jaketi, Mafinga unavaa sweta, na Makambako, alfajiri ya Julai, vile vishikio vyenye joto ambavyo Dar ni mzaha vinageuka kuwa mali. Mke wangu, ambaye hapandi bodaboda hata kwa kuombwa, hiyo anapanda. Anasema kiti cha nyuma ni kizuri kuliko cha basi na hakuna anayemchezea filamu za mapigano kwa sauti. Tukiwa wawili tunashika lami peke yake, tunaondoka mapema, na jua likikaribia kuzama tunasimama popote tulipo. Usiku kuna malori yaliyoharibika yaliyowekewa majani badala ya taa. Sina ujasiri huo.

Pikipiki hizi, zikishaingia nchini, hazipotei. Zinahama mikono ndani ya watu wale wale, daktari kwa mfanyabiashara, mfanyabiashara kwa rubani. Moja ikitangazwa kwenye kundi, mnunuzi hana haja ya kuuliza historia yake, ameshaijua. Ndiyo ile iliyolala Tungamalenga, ndiyo iliyosubiri tairi Makambako, kioo chake cha kushoto siyo cha kwake. Bei inajadiliwa hadharani, mbele ya mashahidi waliowahi kuiinua, kwa hiyo muuzaji hawezi kudanganya hata akitaka. Masanduku ya alumini yanauzwa kando.